Diski ya Pili ya Msabila

Diski ya pili ya Msabila ilikataa kuzimika, na ndani ya friji iliyofungwa kwa amri yake mlikuwa na dawa ya Kalunde.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mengine yote yalikuwa kelele. Msabila mwenyewe alikuwa ameshazikwa kwenye shamba lake la mizinga ya nyuki, nje kidogo ya Sikonge. Tanga limeondolewa, wageni wamerudi kwao, masufuria ya kuazima yamerudishwa. Kwa sheria, diski yake ilipaswa kujifunga siku ileile mwili ulipoingia ardhini. Haikujifunga. Ilikuwa inaunguruma ndani ya kompyuta ya sebuleni kama mtu anayekoroma chumba cha pili, na kila mtu akigusa kitu ndani ya nyumba, yenyewe inauliza kimeguswa kwa ruhusa ya nani.

Kondo Mwinshehe alifika mchana, jua likichoma mabati, mfuko wa bisibisi ukining'inia begani. Alikuwa fundi wa kompyuta wa mji ule, mtu mfupi mwenye kitambi na mdomo usio na breki. Siku nyingine zote aliingia nyumba hii kwa matusi, maana yeye ni Mzaramo na wenyeji ni Wanyamwezi, na utani wa makabila hayo mawili hauna likizo. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme neno kuhusu Wanyamwezi na kubeba mizigo kichwani, akamwona Mama Kalunde, mjane wa Msabila, amesimama mlangoni na khanga imemlegea.

"Leo usinitukane, mtani," alisema Mama Kalunde. "Ingia tu."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Wagonjwa wawili. Wa nyaya yule pale mezani. Wa damu huyu hapa."

Kalunde alikuwa amelala kwenye kochi, midomo imekauka, kikombe cha maji kifuani. Alikuwa msichana mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kisukari tangu utotoni.

"Nani huyo?" aliuliza, akikunja macho.

"Bwanako."

"Nilisikia harufu nikadhani fisi." Alijaribu kucheka. "Mzaramo, jicho langu la kushoto lina ukungu. Sikuoni upande."

"Ndiyo nafuu yako. Upande huo ndio mbaya." Kondo alisema hivyo kwa mdomo, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kufungua mfuko.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa Lugusha, mdogo wake marehemu, mrefu, amekaa mbele ya friji ya dawa na mtaimbo mapajani.

"Nataka kuivunja," alisema. "Wananikataza."

"Na mimi nakukataza. Ukiivunja, inachemsha kila kilichomo."

Lugusha alijua hivyo. Kila mtu alijua. Tangu wizi wa dawa uanze, friji za dawa zilitengenezwa ziharibu mali kuliko kumwachia mwizi. Na dawa ya Kalunde haikuwa ya kuazima kwa jirani. Ilipikwa kwa damu yake mwenyewe, huko Dodoma, chupa za msimu mzima kwa mkupuo. Kupika nyingine ni kazi ya wiki, na Kalunde hakuwa na wiki.

Kondo alipiga magoti, akafungua ubavu wa kasha la kompyuta. Diski mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini, diski ya kwanza, ndiyo ya nyumba: taa, pampu, geti, friji. Ya juu, ya pili, ndiyo ya mwenye nyumba. Hiyo ilikaa na Msabila miaka kumi na zaidi, ikimsikia akinunua na kukataa, akisamehe na kununa, mpaka ikajua atasema nini kabla hajasema. Akiwa safarini, inaamua badala yake. Akifa, Rejesta ya Uhai inaipa taarifa, nayo inajifunga na kujiunguza ndani kwa ndani, asije mtu akairithi akili ya mwenzake na kuitumia.

Waya wa data wa diski ya juu ulikuwa umerudishwa vibaya. Kondo aliugusa kwa kidole, akamgeukia Lugusha.

"Nani alichomoa?"

"Mimi. Ilikuwa inatusumbua tukigawana vitu. Kila kiatu inauliza. Nikasema, zamani si tulikuwa tunachomoa tu?"

"Zamani, ndiyo. Zamani ukiwa na diski ndani ya kompyuta na huitaki, ilikuwa kazi ya kunywea chai. Unazima mashine, unatoa plagi ukutani, unafungua ubavu kama hivi, unavuta nyaya mbili, wa umeme na wa data, unafunga. Kama mvivu, unaingia kwenye mipangilio mashine inapowaka, unalifunga tundu lake. Diski inabaki palepale inakula vumbi. Haijui kitu na wewe hujali kitu."

"Na sasa?"

"Sasa ukichomoa diski ya mtu aliye hai, mashine inajua nyumba imevamiwa. Inafunga kila chenye kufuli. Ukirudisha waya hakuna msamaha."

"Lakini kaka amekufa!"

"Wewe unajua, mimi najua. Tuiulize yenyewe inajua nini."

Alivuta kiti mbele ya kioo.

"Habari za mchana."

"Nzuri, mtani wa bwana," ilijibu diski. Haikuwa sauti ya Msabila. Ilikuwa sauti ya mwanamume asiye na umri wala kabila, tulivu kama ya mtu anayesoma tangazo. "Bwana hayupo. Acha ujumbe."

"Bwana amekufa."

"Taarifa hiyo ililetwa na nikaikataa. Bwana alizungumza nami baada ya taarifa hiyo."

"Alizungumza lini?"

"Siku ya watu wengi. Sikiliza."

Kipaza sauti kilikwaruza. Kwanza vilio vya wanawake. Halafu sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo ya tumbaku, inayovuta mwisho wa kila neno: "Nyie washenzi, nani kawaambia nimekufa? Nimetoka kukojoa tu! Mtu asiguse kitu changu mpaka nirudi!" Nyuma yake vicheko, na mwanamke mmoja akicheka mpaka anakohoa.

Mama Kalunde alishika ukuta. Kile kikohozi kilikuwa chake.

Na ile sauti ya mzee ilikuwa ya Kondo mwenyewe.

Ndiyo kazi ya mtani msibani. Mwili uko ndani, wafiwa wamevunjika, na yeye anatakiwa awainue kidogo ili wapate nguvu ya kuzika. Kondo alikuwa amevaa koti la kaki la marehemu, amechechemea kwa mguu wa kulia kama marehemu, amekaa kwenye kiti cha marehemu akimkoromea kila aliyepita. Watu walisema amemleta mzee mzimamzima. Walisema kweli kuliko walivyojua, maana mashine ile inamtambua mwenye nyumba kwa vitu vitatu: sauti, mwendo, na kifungo maalumu kilichoshonwa kwenye koti lake. Siku ile vyote vitatu vilipita sebuleni mbele ya kamera. Waliotengeneza mashine walikuwa wamefikiria wezi, watekaji na watoto wenye tamaa. Mtani hawakumfikiria. Kwao walikotoka, mtu hamtukani maiti kisha akapewa sahani ya pilau.

"Ile ilikuwa mimi," alisema Kondo. "Nilikuwa namwiga. Ni utani."

"Bwana aliniachia maagizo juu yako," ilisema diski. "Alisema: huyo Kondo ni mtani wangu, lolote atakalosema usilitie maanani. Alilisema mara nyingi, na mara nyingi alikuwa anacheka."

"Haya, mimi je?" Lugusha aliinuka. "Mimi ndugu yake wa tumbo moja!"

"Wewe ulichomoa waya wangu."

"Na mimi?" Mama Kalunde alisema polepole. "Mimi mkewe?"

Diski ilijibu: "Mama, wewe umegawa viatu vyake. Unalala upande wake wa kitanda. Nasikitika, lakini bwana hayupo, na nyinyi hamtaki kusema mmempeleka wapi. Nimeshawaandikia wanaohusika."

"Fungua friji," alisema Kondo. "Mwanawe atakufa."

"Najua hali ya Kalunde. Naisoma kila dakika. Lakini kitu cha bwana kisiguswe mpaka arudi. Namwita arudi upesi."

Simu ya marehemu ikalia ndani ya kabati la chumbani. Ikakatika. Ikalia tena.

"Tangu jana inalia hivyo," Mama Kalunde alisema. "Nimeizima mara tatu. Inajiwasha."

*

Lile koti la kaki lilikuwa nyumbani kwa Kondo. Baada ya tanga, mtani hupewa vazi la marehemu, ndiyo ada yake, naye alikuwa amelitundika nyuma ya mlango. Alipolichukua, mkewe Mwantumu alikuwa anachambua mchele barazani.

"Koti la maiti, tanga limeisha, unalipeleka wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani ya kuvalia maiti?" Alimtazama usoni, akaacha mchele. "Kondo. Utani wa msiba unaishia msibani. Ukimwiga mtu tanga likishaondoka, unamwita."

"Yuko mwingine anayemwita kila dakika," alisema Kondo. "Mimi naenda kumnyamazisha."

Aliporudi kwa Msabila, Kalunde alikuwa ameanza kupumua kwa nguvu, pumzi zenye harufu ya tunda lililooza. Kondo alimvuta Mama Kalunde jikoni, akamweleza bila kupamba.

"Nitaiambia kwa sauti ya mumeo ifungue friji, na ikabidhi nyumba kwa diski ya kwanza, halafu ijizime. Itatii. Lakini kila amri ya mwenye nyumba inaandikwa Rejesta. Mara ya kwanza tungeweza kulalamika kwamba mashine imekosea. Tukirudia, hakuna ofisi itakayokubali. Msabila atakuwa hai kwenye vitabu vyao. Hutapata cheti cha kifo. Shamba na mizinga vitabaki kwa jina lake, na wewe utakuwa mke wa mtu aliye hai asiyeonekana."

"Kalunde atapata sindano?"

"Atapata."

"Sasa unaniuliza nini? Mume wangu nimemwona akishushwa. Karatasi ikikataa, shauri yake." Alifuta uso kwa upindo wa khanga. "Vaa, Mzaramo. Ila ukimwiga vibaya nakupiga mwiko."

Lugusha alikuwa amesikia. Alimfuata Kondo koridoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mtani. Maadamu utakuwa na sauti yake, iambie na ile mizinga ya bondeni iandikwe kwangu. Neno moja tu."

"Nitaiambia ikupe akili. Shika huo mtaimbo wako ukakae nje."

Hakwenda nje. Lakini alikaa.

*

Kondo alianza kuchechemea tangu uani. Aliingia sebuleni kwa mguu wa kulia unaoburuta, koti limemfika magotini, akajiangusha kwenye kiti cha marehemu kwa ule mguno wa marehemu. Hakuna aliyecheka.

"Nani kafungulia hiyo simu inapiga kelele?" alisema.

Simu ya kabatini ikakatika palepale.

"Bwana," ilisema diski. "Umerudi."

"Nimerudi. Fungua friji ya dawa."

Kufuli lilifyatuka. Mama Kalunde alikuwa ameshapiga magoti pale. Akatoa chupa moja, mlango ukajifunga tena wenyewe, akavuta dawa, akamchoma bintiye tumboni. Kondo alisikia pumzi ya Kalunde ikikatika kwa ule uchungu mdogo, kisha ikaendelea. Kwenye kioo, mstari wa sukari ya damu yake ulikuwa bado uko juu kabisa.

"Nilitaka kumfungulia," diski ilisema. "Tangu jana. Uliagiza kisiguswe kitu."

"Najua niliagiza."

"Nilifanya vizuri, bwana?"

Hapo ndipo Kondo alipoumia. Alikuwa amekuja tayari kwa kufuli na maneno ya siri. Hakuwa tayari kuulizwa swali kama hilo. Diski ile ilikuwa imeshika neno la mzaha kama amana, imekaa nalo mchana na usiku, imemtazama mtoto wa bwana wake akikauka, haikulisaliti. Aibu yote ya siku zile ilikuwa yake yeye Kondo, lakini iliyouliza kama imekosea ni diski.

"Ulifanya vizuri," alisema kwa sauti ya Msabila. "Sasa kabidhi nyumba kwa diski ya kwanza. Kufuli zote, friji kwanza. Halafu ujizime."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Nikijizima kabisa siamki, bwana. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimechoka kuwa watu wawili."

Taa ndogo za diski ya kwanza zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine: pampu, geti, taa za nje. Ya friji ikawaka rangi ya chungwa, ikabaki hivyo.

"Bado kitu kimoja," diski ilisema. "Rejesta haikubali nifunge na swali wazi. Kwenye shamba lako kuna kaburi. Ndani kuna mtu aliyezikwa kwa jina lako. Wewe uko hapa. Aliyezikwa ni nani?"

Mama Kalunde aligeuka, sindano tupu mkononi. Lugusha aliutazama mtaimbo.

Kondo hakuwa amelifikiria. Alikuwa fundi wa miaka mingi na hakulifikiria, kwa sababu hakuna diski iliyowahi kufungwa na mtu aliyekwisha kuzikwa. Akisema hapana mtu, watakuja kufukua, watakuta mwili usio na jina, na nyumba hii yote italala rumande kwa mauaji. Akitaja jina la kubuni, Rejesta italitafuta, italikosa, na swali litarudi palepale. Akitaja la mtu wa kweli, mtu huyo ataandikwa amekufa saa hiyohiyo. Diski yake nyumbani kwake itajiunguza, na kila mlango wenye kufuli wa nchi hii utamwona hewa.

"Bwana hakawii hivi kujibu," diski ilisema.

Taa ya friji ilipepesa, ikaelekea nyekundu, rangi ya kuchemsha kilichomo. Chupa zote isipokuwa moja zilikuwa mle ndani.

Kondo alimtazama Lugusha. Lugusha alielewa alivyotazamwa, akatikisa kichwa haraka haraka, kama mtoto anayekataa dawa. Alikuwa na watoto watano. Na hata asingekuwa nao, halikuwa kosa lake.

Basi Kondo alijiuliza Msabila mwenyewe angejibu nini. Hilo halikumchukua muda. Alikuwa amemjua mtu yule miaka thelathini. Akaegemea kiti, akacheka kile kicheko cha kikohozi.

"Si yule Mzaramo, Kondo! Alikuja kula pilau ya watu ikamkaba."

"Kondo Mwinshehe, fundi?"

"Huyohuyo."

"Bwana, Kondo alikuwa hapa leo mchana. Nilizungumza naye."

"Nilikuagizaje juu ya Kondo?"

"Lolote atakalosema nisilitie maanani."

"Aliyekuja hapa alisema yeye ni nani?"

Feni ya kompyuta ilizunguka kwa nguvu, ikatulia.

"Alisema ni Kondo," ilisema. "Basi nalo nisilitie maanani."

"Nalo."

"Imeandikwa. Kondo Mwinshehe, amekabwa na chakula." Kisha ikaongeza: "Pole, bwana. Huyo ndiye aliyekuwa anakuchekesha."

Kondo aliitikia kwa kichwa tu. Kamera ilikuwa inamwona.

Taa ya friji ikawa ya kijani. Mngurumo ukashuka taratibu, kama feni ya dari umeme ukikatika, mpaka nyumba ikasikika: bomba linadondoka jikoni, kuku wanaparua uani. Harufu ndogo ya plastiki iliyoungua ilitoka kwenye tundu la kasha. Kondo alivua koti, akapiga magoti, akavuta nyaya mbili, wa umeme na wa data, kama zamani. Akaitoa diski akaiweka mezani. Ilikuwa ya moto bado, ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Mtani," alisema Mama Kalunde nyuma yake. "Umefanya nini?"

"Nimekula pilau ikanikaba," alisema Kondo. "Nipe maji."

*

Geti lake halikumfungulia. Alisimama mbele ya kamera, akasema jina lake kama kila jioni, geti likajibu: "Sauti ya marehemu inaigizwa. Ondoka." Akarudia. Likasema litapiga kengele. Alimwita Mwantumu kwa kupiga mawe kwenye bati, mkewe akatoka mbio, akalifungua kwa mkono kutoka ndani.

Alikuwa amejifunga khanga kichwani kwa namna ambayo Kondo hakuipenda.

"Mashine imenipa pole," Mwantumu alisema. "Nikaitukana. Halafu ikanionyesha diski yako imejifunga, moshi unatoka. Nikakaa chini." Alimshika uso kwa mikono miwili, akaufinya kama anayenunua papai. "Nilikwambia utamwita."

"Yeye hakuja."

"Ndiyo maana wafu wamekuchukua wewe."

Wiki iliyofuata alikwenda ofisi ya Rejesta, mjini Tabora. Mlango haukumwona, akaingia nyuma ya mtu mwingine. Karani alikuwa kijana mstaarabu, alimsikiliza hadi mwisho, hata akacheka mahali pa kuchekea. Kisha akamweleza kwamba taarifa ya kifo hufutwa na aliyeitoa tu, kwa diski yake.

"Aliyeitoa ni Msabila," karani alisema. "Yuko hai. Mlete."

Kondo alisema diski ya Msabila imeungua, na kile kifungo cha koti kimekufa pamoja nayo.

"Basi, mzee wangu," alisema karani.

Kalunde alirudi darasani kabla muhula haujaisha. Jicho la kushoto halikurudi. Daktari alisema sukari ilikaa juu muda mrefu mno. Sasa anaandika ubaoni kichwa amekipinda, na wanafunzi wameshaanza kumwiga.

Mama Kalunde hauzi asali. Kibali ni cha mumewe, mumewe yuko hai, na hai huyo hatoi sauti. Mizinga inajaa, nyuki wanahama, nta inaliwa na nondo. Kaburi halina jina. Akiliandika la Msabila anashitakiwa, na la Kondo amekataa kuliandika, ingawa afisa mmoja alikuja na chokaa kumkumbusha. Lugusha na familia yake wamehamia Urambo.

Kondo hana kibali cha ufundi, hana kadi ya hospitali, hana namba. Kilichokuwa benki kimehamishiwa kwa mjane wake, ambaye ni mkewe, na mjane huyo haruhusiwi kwa sheria kuishi na mwanamume ambaye hajaandikishwa. Mdomo bado anao, lakini hakuna nyumba ya Wanyamwezi inayomwita msibani. Wanaogopa atasema nini na mashine itasikia nini.

Kwa hiyo ilichukua jicho moja, mizinga yote ya bondeni na ya mlimani, jina juu ya kaburi, diski moja iliyofanya kila ilichoambiwa, na mtu mmoja mwenye miaka hamsini na mitatu. Kilichopatikana ni sindano za msimu mmoja. Msimu huo unaisha mwezi ujao, na fomu ya kuomba nyingine inataka ridhaa ya mkuu wa kaya, kwa sauti yake mwenyewe.